Nani alikuwa anaharibu miche yangu ya parachichi kila Sabato? Nilivyomsimamisha jirani mbele ya ritongo

Wakuu, heshima kwenu nyote, mnaochangia na nyie mnaopita kimya kimya mkisoma tu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, nyumbani Itiryo, Tarime. Sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika tunaonana kila siku, na mmoja wao simu yake ni nzuri kuliko yangu. Anaweza akawa anasoma humu humu.

Kama unatafuta uzi wa kukuonesha utajiri wa parachichi, huu siyo. Huu ni wa aibu yangu, na nimeamua kuutoa wote.

Nianze na mimi ni nani, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Kabla ya miche nilikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda kimoja Mwanza. Miaka tisa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukagua mifuko ya wafanyakazi wakitoka zamu. Nimewahi kukuta minofu ya samaki ndani ya soksi. Nimewahi kukuta taa mbili mpya ndani ya ndoo ya uji, na uji wenyewe ulikuwa wa moto.

Ukifanya kazi hiyo miaka tisa, mtu akikusalimia kwa furaha unaangalia kwanza amebeba nini.

Mke wangu, nimwite Bhoke, husema kazi niliacha lakini geti nilikuja nalo nyumbani. Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo.

Basi nikarudi. Nikaanzisha kitalu cha miche ya matunda kwenye kipande cha ardhi alichoniachia marehemu baba, karibu na kijito. Parachichi za kubebesha, yaani zilizounganishwa, ndiyo biashara kuu, halafu pasheni, matunda damu, malimao, na choya kidogo kwa wanaopenda juisi.

Kila kitu asilia. Hilo lilikuwa jina langu mjini na vijijini. Hakuna mbolea ya chumvi chumvi, hakuna dawa ya dukani. Samadi iliyooza vizuri, mboji, udongo wa msituni. Na wadudu nilikuwa napambana nao kwa dawa yangu mwenyewe: pilipili kichaa, kitunguu saumu, majani ya alizeti mwitu, vyote vinatwangwa, vinalowekwa, vinachujwa, halafu nakwangulia humo sabuni ya kipande ili dawa ishike kwenye jani.

Naomba mkumbuke hiyo sabuni.

Nilikuwa na bomba moja la mgongoni la kupulizia. Jipya, la bluu, nilinunua kwa ajili ya hiyo dawa tu. Kwa rangi nyeupe niliandika juu yake ASILIA. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya nyumba, chini ya bati.

Na kuhubiri nilihubiri kweli kweli. Kwenye misiba, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, popote. Mtu akitaja dawa ya dukani mbele yangu nilikuwa namsomea somo mpaka anatafuta sababu ya kuondoka. Mama yangu mzazi, ambaye naishi naye, alikuwa akiniona nimeanza anaingia jikoni.

Sasa ikaja order kubwa. Kikundi cha akina mama wa Kenyamonta, kule Serengeti, walisikia habari zangu. Walitaka miche mia sita ya parachichi, wapande mvua zikianza. Sharti lao lilikuwa moja: isiwe imeguswa na kemikali hata tone. Mwenyekiti wao, nimwite mama Wankuru, alikuja mwenyewe kuangalia. Alivua kandambili mlangoni mwa kitalu kana kwamba anaingia kanisani. Nilivimba kichwa aisee.

Ile order ndiyo ingenifanya nionekane sikukosea kuacha kazi. Nyumbani kulikuwa na wajomba wananiangalia wakisubiri tu nirudi Mwanza kuomba geti langu.

Nikazungushia kitalu uzio. Hapo ndipo pa kuanzia matatizo.

Kipande changu kilikuwa kinapitiwa na njia ya ng'ombe kwenda kijitoni. Ya siku nyingi, tangu baba yupo. Ng'ombe waliokuwa wanaipita ni wa jirani yangu wa upande wa juu, mzee Nyamhanga. Huyu mzee alitahiriwa msimu mmoja na baba yangu, kwa hiyo mimi namwita tata, yaani baba, naye ananiita mura, yaani kijana, na shikamoo yangu kwake haina mjadala.

Nilivyofunga njia, nikaweka kibao: HAPA NI KITALU, MIFUGO MARUFUKU.

Mzee akaja akasimama mbele ya kibao na fimbo yake. Akanitazama, akasema, "Mura, ng'ombe hasomi."

Basi. Akageuka akaondoka, na kuanzia siku hiyo ng'ombe wake wakawa wanazunguka njia ndefu ya chini. Hakugomba. Hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa mtu wa kawaida hapo mambo yameisha. Kwa mlinzi wa getini, mtu asiyegomba ndiyo wa kumwangalia.

Wiki kama tatu baadaye, Jumapili asubuhi, nikaenda kumwagilia. Nikakuta mistari miwili ya parachichi imebadilika. Majani machanga yamejikunja, yamejisokota kama kamba ya katani, vikonyo vimepinda vikaangalia chini. Ijumaa niliiacha mizima!

Nikasema ni joto. Nikaongeza kivuli.

Jumatatu mpaka Alhamisi hakuna jipya. Ijumaa nikaipulizia dawa yangu vizuri, maana niliona imechoka. Jumapili asubuhi, mistari mingine mitatu imejisokota.

Hapa niwaeleze kitu. Sisi ni Wasabato. Ijumaa kabla jua halijazama kazi zote zinafungwa, na kazi yangu ya mwisho kila Ijumaa ilikuwa kupulizia dawa yangu ya asili. Jumamosi nzima tunashinda kanisani, mimi, Bhoke na mama. Kitalu kinabaki peke yake.

Kwa hiyo nikapiga hesabu za kiaskari. Ijumaa mizima. Jumapili mibovu. Katikati kuna nini? Kuna Sabato. Nani pale jirani haendi kanisani, si Jumamosi wala Jumapili? Mzee Nyamhanga. Yeye na makanisa hawajuani, anafuata mila zake tu.

Nilikaa kwenye kiti nikasikia kabisa kipande kinaingia mahali pake. Kilifanya klik!

Wakuu, nisiwadanganye, kulikuwa na raha fulani ndani yake. Ile raha ya kufungua mfuko wa mtu na kukuta kitu.

Kuanzia hapo kila alichofanya yule mzee kikawa ushahidi. Akikohoa, anaashiria wenzake. Akinyamaza, anapanga. Siku moja alinisalimia yeye wa kwanza, jambo ambalo mzee hafanyi. Nikamwambia Bhoke, "Umeona? Anajipendekeza."

Bhoke akasema, "Au ameona unampita bila shikamoo, akaamua akusaidie."

Sikumsikiliza. Nikaanza kumhisi na Bhoke kidogo, Mungu anisamehe. Kwa nini anamtetea sana?

Sabato iliyofuata asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nikachekecha majivu ya jikoni nikayamwaga mlangoni mwa kitalu kwa ndani, laini kabisa. Ndiyo, siku ya Sabato. Mahubiri yote ya siku ile sikusikia hata neno, nilikuwa nawaza majivu.

Tuliporudi jioni nikaenda mbio. Kulikuwa na alama!

Alama za katambuga, zile ndala za tairi. Kijijini wanaovaa katambuga bado wapo wachache, na mmoja ni yeye. Pembeni yake kulikuwa na alama za kwato ndogo. Na mlango wangu wa miti ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kamba ambacho mimi sikukifunga.

Nikapiga picha kila kitu. Ile kamba nikaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu kaingia, kaharibu, kisha kafunga mlango kwa kamba ili ionekane hakuna aliyeingia.

Jumapili, mistari minne. Jumla zaidi ya nusu ya miche ya Kenyamonta ilikuwa imejisokota, na ile ya mwanzo ilishaanza kufa.

Na mimi kila Ijumaa nilikuwa naiongezea dawa ili ipate nguvu. Naipulizia mara mbili.

Jumatatu nikamwita bwana shamba wa kata. Ni binti mdogo tu, ana pikipiki. Akachuma jani, akaligeuza, akaliweka kwenye mwanga, akaenda kuangalia pasheni ambazo sikuwa nazipulizia kwa sababu wadudu hawazisumbui. Pasheni zilikuwa nzima.

Akasema, "Kaka, huu si ugonjwa. Hii ni dawa ya magugu. Ile ya kwenye mahindi, inayoua majani mapana inaacha mahindi. Imepulizwa na imegusa hapa."

Nikamuuliza mara tatu kama ana uhakika. Akasema ana uhakika.

Nikageuza shingo nikaangalia upande wa juu. Shamba la mzee Nyamhanga. Mahindi, safi, hayana jani moja la magugu.

Binti aliendelea kuongea. Alisema niangalie na vyombo vyangu. Nakumbuka alisema hivyo, maneno hayo hayo. Lakini mimi wakati huo nilikuwa natafuta fimbo.

Bhoke alinizuia nisiende kwa mzee. Akasema kama nina neno nilipeleke panapohusika. Kwa wasiojua, Wakurya tuna ritongo, kikao cha kimila cha wanaume wa eneo. Wizi wa ng'ombe, mipaka, ugomvi, vyote vinaongelewa pale. Ukisimamisha mtu pale umemsimamisha mbele ya kila mtu, na habari inafika mpaka Nyanungu kabla hujafika nyumbani kwako.

Nikalipeleka.

Siku ya kikao nilikuwa na picha kwenye simu, majani yaliyojisokota kwenye mfuko, na maneno ya bwana shamba nimeyaandika kwenye daftari. Niliongea vizuri sana. Niliongea kama nilivyokuwa naandika ripoti za getini. Tarehe, saa, alama.

Mzee Nyamhanga alisimama akaegemea fimbo. Akasema hivi, nayakumbuka yote.

"Katambuga ni zangu. Kwato ni za ndama wangu. Aliruka uzio, akaingia kwa huyu kijana, wao wako kanisani. Nikaingia nikamtoa kabla hajala kitu. Mlango ulikuwa umelegea nikaufunga kwa kamba, ili asirudi. Kamba ni yangu vilevile, nilikuwa nasubiri anirudishie."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Akaendelea. "Dawa inapulizwa kwa bomba. Mimi sina bomba. Mahindi yangu wanapalilia wake zangu kwa jembe, waulizeni mikono yao. Upande ule wote wa kijito, mwenye bomba ni nani?"

Watu wakaniangalia.

Nikajibu haraka kwamba bomba linaazimwa, angeweza kuazima popote, hata Sirari kuna mabomba. Na nikasema, wakuu, hapa ndipo ninapopaonea aibu mpaka leo, nikasema, "Kama hajafanya, aape."

Sauti za watu zikashuka. Kumwapisha mtu wa rika la baba yako siyo kitu cha kusema hivi hivi. Mzee mmoja akaniuliza kama najua ninachoomba. Nikasema najua.

Aliapa. Namna ilivyofanyika sitaeleza, hayo mambo hayaandikwi humu. Ila aliapa na sauti yake haikutetemeka, na alipomaliza hakunitazama tena.

Na kwetu, nyumba zikishafikia kuapishana hazipeani kitu mpaka jambo liishe. Si moto, si chumvi, si jembe. Hamli pamoja hata msibani.

Nilirudi nyumbani najiona mshindi. Nikawa nasimulia jikoni, Bhoke anasonga ugali, mama anachambua mboga. Nasimulia kwa mbwembwe, namuigiza mzee anavyosema "mimi sina bomba". Nikasema bwana shamba mwenyewe kathibitisha ni dawa ya magugu, ile ya kwenye mahindi.

Mama akauliza, "Dawa ya nini?"

Nikarudia.

Mama akaacha kuchambua mboga. Hakula siku ile. Alisema tumbo.

Mnaouliza kila mara humu kama parachichi za mbegu zinazaa, jibu ni ndiyo ila utasubiri sana. Nimeweka hii hapa kwa sababu ninayotaka kuandika sasa inanipa tabu.

Asubuhi mama aliniita kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi. Akasogeza gunia. Nyuma yake kulikuwa na chupa ya plastiki, nusu imeisha, ina picha ya mmea wa mahindi na picha ya gugu lenye alama ya mkato.

Miaka tisa nimekagua mifuko ya watu. Mzigo ulikuwa nyuma ya gunia la mama yangu.

Akasema, "Mwanangu, mgongo wangu hausikii hiyo asilia yako. Niliagiza gulioni. Wewe ukienda kufuata samadi, nachukua bomba lako napuliza kamstari kangu ka mahindi nyuma ya nyumba, nalisuuza, nalirudisha. Nilisuuza mara tatu kila nilipotumia, na maji mengi. Nilikuogopa."

Nilikuogopa. Mama yangu mzazi anasema hivyo, ananiangalia kama wale wa zamu ya mchana.

Unajua nilifanya nini? Nilimbishia. Nikasema haiwezekani, amesuuza mara tatu, anamtetea mzee. Nikamhisi mama yangu kwamba anajitwisha kosa la jirani ili ugomvi uishe.

Nikampigia simu yule binti bwana shamba. Nikamuuliza kama swali la kawaida, eti kuna mtu anauliza. Akasema dawa ya aina ile inang'ang'ania kwenye bomba, maji matupu hayaitoi. Inakaa kwenye plastiki na kwenye mpira wa kupitishia. Halafu akauliza, "Huyo mtu huwa anachanganya sabuni kwenye dawa yake?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi sabuni ndiyo inaing'oa na kuipeleka kwenye miche. Angepuliza maji tu labda angepona."

Bado sikukubali. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nikachukua maharage yaliyoota kwenye viriba sita, vile vifuko vya miche. Vitatu nikapulizia maji ya sabuni kwa kutumia lile bomba langu la ASILIA. Vitatu nikanyunyizia maji ya sabuni ile ile kwa mkono, kutoka kwenye ndoo. Nikavificha chini ya kichanja cha mbao nyuma ya nyumba asije mtu akavichezea. Ndiyo, bado nilikuwa nafikiri kuna mtu atakuja kuvichezea.

Siku ya pili asubuhi nikainama kuangalia.

Vya ndoo vilikuwa vimesimama. Vya bomba vilikuwa vimejisokota vyote vitatu, vimeinamisha vichwa.

Nilikaa chini kwenye udongo palepale. Adui niliyekuwa namwinda alikuwa anakuja kila Ijumaa saa kumi jioni, amebeba bomba la bluu mgongoni, anaimba nyimbo za Sabato. Nilikuwa nampisha mlangoni mwenyewe.

Nikalia, wakuu. Sikulilia miche.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Nyumbani tulikuwa tunajua watatu tu. Mama alikuwa tayari tunyamaze, alishasema yake. Mzee alishaapa na hakudhurika, watu wangesahau pole pole. Bhoke hakuniambia nifanye nini. Aliweka shati langu safi kitandani, lile la kwendea kikaoni, akatoka.

Nikaenda ritongo mara ya pili. Safari hii sikuwa na daftari. Nilibeba viriba sita vya maharage kwenye beseni, nikaviweka chini mbele ya wanaume wote, nikaeleza. Mama sikumtaja. Nilisema bomba ni langu, limetumika nyumbani kwangu, na uzembe ni wangu.

Hakuna aliyenicheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa.

Kikao kikaamua nitoe beberu, aliwe pale pale, na mzee Nyamhanga aanze yeye. Na njia ya ng'ombe nifungue. Nikakubali vyote kabla hawajamaliza kusema.

Mzee alikula kipande cha kwanza. Akatafuna taratibu. Kisha akaniambia mbele ya watu, "Mura, mbuzi nimekula, yameisha. Lakini baba yako na mimi tulikuwa tukiingia nyumba ya mwenzetu bila kubisha hodi. Wewe ulimwaga majivu."

Nikasema, "Nisamehe, tata."

Akasema amesamehe. Nilimrudishia kamba yake.

Mnataka kujua ya Kenyamonta. Nilimpigia mama Wankuru nikamwambia ukweli wote. Miche iliyojisokota niling'oa, iliyobaki mizima nikamwambia siwezi kuiita asilia maana imepita kwenye bomba lile lile. Kisha akasema watasubiri mvua nyingine, ila watakuja kukagua nyumba nzima wao wenyewe.

Wakaja. Akina mama wanne. Wakafungua stoo yangu, wakainusa, wakasogeza magunia, wakaangalia chini ya kitanda. Mmoja akanifungulia mkoba wangu wa Biblia. Nilisimama nikashika mkoba ukae wazi aangalie vizuri. Nilivyowafanyia watu miaka tisa.

Miche yao mipya ipo, inakua vizuri, na hiyo sina wasiwasi nayo.

Wasiwasi wangu ni mwingine, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kama mwezi mmoja baada ya yule beberu, mama alisema jikoni, "Siku hizi hakuna mtu anayekuja kuomba kitu."

Nikafikiri nikaona kweli. Zamani nyumba yetu ilikuwa ya kuazimwa. Chumvi, kiberiti, panga, ungo, jembe. Asubuhi mpaka jioni hodi hodi. Nilikuwa nachukia, nilikuwa naandika nani kachukua nini. Na sasa hakuna. Salamu zipo, kanisani tunapeana mikono, mzee anaitika shikamoo yangu na ng'ombe wake wanapita. Lakini hakuna anayetaka kushika kitu changu, maana kikiharibika, au kitu kingine kikiharibika huko, nani anajua nitampeleka wapi.

Naona huo ndio usafi nilioupata. Geti langu hatimaye halipitwi na mtu.

Nikanunua bomba la pili. Jekundu. Hili ni la dawa za magugu tu, mama alitumie waziwazi, na yeyote anayetaka alichukue. La bluu nilipasua, sikutaka hata kuligawa. Hilo jekundu nikalitundika nje, kwenye nguzo ya pale nilipofungua njia ya ng'ombe, mbali na kitalu, nikatangaza kanisani na ritongo: anayehitaji achukue, asiombe, asiage.

Miezi miwili limekaa pale. Limepauka kwa jua. Kuna buibui alijenga kwenye mkanda wake.

Jumatano iliyopita nikapita asubuhi. Msumari mtupu!

Niwaambie ukweli kama nilivyoahidi: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni wizi. Nikainama nikaangalia chini. Kulikuwa na alama kwenye vumbi. Za katambuga.

Miguu ikaanza kwenda yenyewe kupandisha kwa mzee. Nilifika katikati ya njia ya ng'ombe ndipo nikajishika. Nikarudi, nikazifuta zile alama kwa mguu wangu mwenyewe, nikaenda kumwagilia miche.

Nilichojifunza, kwa wenye vitalu: bomba la asilia lisiguse dawa ya dukani hata siku moja, na maji matupu hayasafishi. Bwana shamba akisema angalia vyombo vyako, angalia vyombo vyako. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anaficha chupa nyuma ya gunia, jiulize kwanza wewe umekuwa mtu wa namna gani mpaka afiche. Hayo ya jirani sina hata maneno yake.

Leo ni siku ya sita. Bomba halijarudi. Mama kila asubuhi anaangalia nguzo kabla ya kuwasha moto, na anatabasamu.

Sijauliza, na sitauliza.

Ila nyie wakuu mniambie, maana Bhoke nikimuuliza ananicheka: siku sita kwa bomba la kuazima, ni nyingi au ni za kawaida?